Anti Eluned Hatangulii Kusalimu

Wewe ungeweza kumpita kaka yako wa tumbo moja barabarani, ukijua kwamba hatamaliza mwaka, na usimwambie hata neno?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, tena kwa sauti ya juu, ndani ya Nyumba ya Ushauri, asubuhi ya Jumanne moja ya Februari. Niliyemfokea alikuwa mwanamke wa miaka sitini na nane, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Anaitwa Eluned Probert. Bondeni kwetu kila mtu anamwita Anti Eluned, hata wasiompenda, na wasiompenda walikuwa wengi. Ninaandika habari zake kwa idhini. Yeye mwenyewe ametia sahihi, na Nerys, binti wa kaka yake, ametia sahihi kwa niaba ya baba yake. Anti Eluned aliisoma fomu mara mbili, akaandika jina lake kwa mwandiko uliosimama wima, kisha akaniambia, "Andika, Iestyn. Ila mimi sitayasoma. Ya kwenye faili yabaki kwenye faili."

Nyumba ya Ushauri zamani ilikuwa duka la viatu, na bado kuna kioo kifupi ukutani, karibu na sakafu, ambamo watu walikuwa wakijitazama miguu. Sasa mbele ya kioo hicho wanakaa watu wanaofukuzwa nyumba, wanaogombania watoto, wanaokatiwa msaada wa ugonjwa kwa sababu afisa mmoja wa mbali ameona bado wanaweza kuinua mikono juu ya vichwa vyao. Kila ofisi inamchungulia maskini. Inajua uzito wake, dawa zake, analala na nani na kwa siku ngapi za wiki. Katika bonde zima sisi ndio tulikuwa mlango mmoja uliofungwa nyuma yake, naye akabaki ndani na siri yake mwenyewe. Mimi niliamini hivyo nilipotoka chuoni, na bado ninaamini.

Anti Eluned alikuwa amejitolea pale miaka ishirini na sita. Redio ya ukumbini aliileta kutoka jikoni kwake, kwa sababu ukuta wa chumba cha mahojiano ni mwembamba. Ni yeye aliyekataza watu wasiitwe kwa majina. Unachukua namba, unaitwa kwa namba. Bahasha zetu hazina jina la ofisi. Na mgeni akiketi, kabla hajaulizwa kilichomleta, anaulizwa mambo matatu. Tunaweza kukupigia simu nyumbani? Akipokea mtu mwingine, tuseme nini? Barua zako tuzipeleke wapi? Wapo ambao nyumbani kwao barua si salama, na za hao huja ofisini. Anti Eluned alizifungua kila asubuhi kwa kisu cha siagi, akazigonga muhuri wa tarehe, akazigawa kwenye faili.

Sheria ya mwisho ilikuwa ya mdomo tu. Hatumsalimu mteja nje ya ofisi mpaka yeye atusalimu kwanza.

"Ukimsalimu," aliniambia siku yangu ya kwanza, "aliye kando yake atamuuliza, 'Unamjuaje huyu wa Nyumba ya Ushauri?' Swali hilo, mwanangu, limewavunjia watu nyumba."

Alijua, kwa sababu naye aliwahi kuvunja nyumba moja. Katika mwaka wake wa pili wa kujitolea, Jumamosi moja, alikuwa kwenye foleni ya bucha, moyo mweupe, kikapu mkononi. Mbele yake akasimama mwanamke kijana ambaye alikuwa amekuja ofisini mara tatu. Anti Eluned akainama, akamuuliza, "Ile barua yako ilifika, mpenzi?"

"Barua gani?" akauliza mama mkwe wa yule mwanamke, aliyekuwa kando akichagua soseji.

Basi. Barua ilikuwa ya wakili, na ndani yake mlikuwa na mpango wa kuondoka na watoto wawili. Jumatatu watoto hawakuonekana shuleni. Baba yao alikuwa ameshawapeleka kwa nduguze, kaskazini kabisa. Mama yao alihangaika mahakamani zaidi ya mwaka mmoja.

"Alipowapata, yule mdogo alikuwa amemsahau," Anti Eluned aliniambia. "Nami nilitaka tu ajue kuna mtu anamfikiria."

Tangu hapo hakutangulia kumsalimu mtu. Na katika mji mdogo kama wetu, ukikaa miaka ishirini na sita kwenye kiti kile, karibu kila mtu amekuwa mteja wako, au mama yake, au mume wake. Kwa hiyo alipita kimya, mgongo umenyooka, macho mbele, akingoja mwingine aanze. Wengi hawakuanza. Walikuwa na sababu zao, na yeye ndiye aliyezijua kuliko wote.

"Malkia amepita," alisema Dilwyn siku moja. Huyo ni mstaafu anayeshinda kwenye duka la mikate la Bronwen. "Mmeiona shingo ile? Haigeuki. Itiwe mafuta."

"Mwache, Dil," Bronwen akamjibu. "Labda anaogopa utamposa."

"Mimi? Nikitaka baridi nitalala bustanini na kabichi zangu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa katika foleni ile ile, nikijua ni nani pale aliyelia kwenye kiti chetu wiki iliyopita, na ni nani aliyemshika mkono hadi alipotulia. Nikalipa mkate wangu, nikatoka.

Anti Eluned hakuolewa. Alikuwa na kaka mmoja tu, Gwilym, mkubwa wake kwa miaka miwili, fundi wa kupasua mawe ya kuezekea, mjane, aliyekaa peke yake barabara ya juu chini ya vilima vya vifusi vya machimbo. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka saba. Anti Eluned alipiga kinanda cha kanisa dogo la kilimani miaka thelathini na mmoja, na Gwilym alikuwa mzee wa kanisa hilo. Walipobaki waumini tisa, wazee walikubaliana kimyakimya kuliuza. Wiki tatu nzima Gwilym alijua, na kila Jumapili alikula chakula cha mchana mezani kwa dada yake, asiweze kumwambia. Mwishowe alisimama mimbarini na matangazo: mazoezi ya kwaya, zamu ya chai, na kufungwa kwa kanisa. Anti Eluned alikuwa ameketi kwenye kinanda, amewapa watu mgongo.

"Nilisikia pamoja na wageni," alisema. Hakusema zaidi ya hapo. Alipiga wimbo wa mwisho beti zote nne, akafunga kifuniko, akaenda nyumbani. Sasa kanisa limegawanywa vyumba vya kupangisha, na pale palipokuwa kinanda pana bafu la mtu.

Gwilym alikuja ofisini Alhamisi moja ya Januari. Alhamisi ndiyo siku Anti Eluned hafanyi kazi. Aliketi, akaweka kofia gotini.

"Wewe si mtoto wa Menna wa posta?"

"Ndiye mimi, Mzee Gwilym."

"Uliimba vibaya sana Shule ya Jumapili."

"Bado naimba hivyo hivyo."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Vumbi la mawe lilikuwa limemaliza mapafu yake. Alitaka kujaza ile fomu ya haraka ya msaada wa ugonjwa, ya watu ambao daktari ameandika kwamba hawatafika mwaka. Nilifuata taratibu zote. Nilimwambia kwamba dada yake anafanya kazi kwetu, na kwamba naweza kumpeleka kwenye ofisi ya mji mwingine.

"Yeye ana kazi yake, mimi nina ugonjwa wangu. Andika."

"Barua zako zije wapi?"

"Zije hapa."

Nilidhani anamficha Nerys, binti yake, ambaye huja kumtazama mwisho wa wiki. "Na Anti Eluned?" nikauliza.

"Wewe usimwambie. Umenisikia? Wewe usimwambie."

Nikaapa. Faili lake nililifungia kwenye droo ya meneja, mbali na mengine, nikajiona nimefanya kazi kama inavyotakiwa. Kitu kimoja nilikisahau: posta.

Jumanne ile ya Februari Anti Eluned alifungua bahasha ya hospitali, akasoma mistari miwili ya kwanza ili ajue iende kwenye faili lipi. Nilimwona akiweka kisu chini. Kisha akachukua muhuri, akaugonga, na tarehe ikakaa sawasawa kama siku zote. Aliigeuza barua kifudifudi, akafungua daftari ambamo tunaandika tukikutana na habari za jamaa zetu. Maandishi yake bado yapo: "Saa tatu na dakika ishirini. Nimefungua barua ya mtu wa familia yangu. Sikusoma zaidi ya mstari wa pili. Nimemkabidhi Iestyn." Halafu akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nikamfuata.

"Anti, nenda kwake."

"Kwa nani?"

"Anti!"

"Sijui unamsema nani. Nawe hujui mimi ninajua nini."

"Nenda leo hii. Chukua keki, bisha hodi, sema ulikuwa unapita tu."

"Miaka saba sijapita. Nikipita leo, atajua nimetokea wapi."

"Ajue! Huyu ni kaka yako! Hii si siri tena, Anti, ni ukatili. Tunawalinda watu wasidhulumiwe na ofisi, halafu ofisi yetu yenyewe inamzuia mtu kumuaga ndugu yake? Kama sheria ndiyo hiyo, tuichane!"

"Punguza sauti. Redio haijawashwa."

Akafuta kikombe, akakiweka, akakichukua tena.

"Yule mwanamke wa bucha naye nilimpenda," alisema. "Ulimi wangu ulitangulia kwa sababu ya mapenzi. Sasa nisikilize. Yeye anajua mimi niko humu ndani, na bado amekuja. Unaelewa maana yake? Ameamini kwamba sitamwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Kwa miaka saba hajanipa kitu kingine, Iestyn. Nikivunje?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha bonde zima.

Kesho yake hakupandia basi kwenye kituo cha mlangoni pake. Alipanda mlima kwa miguu, akaketi kwenye kibanda cha kituo kilichotazamana na nyumba ya Gwilym, mkoba magotini, uso ameuelekeza mlangoni kwake. Saa mbili kamili Gwilym alitoka kwenda kununua mkate. Akamwona. Akasimama kidogo na mkono kwenye geti, kisha akashuka zake na barabara.

Akaenda tena siku ya pili, na ya tatu, na kila siku. "Sheria inasema nisitangulie," aliniambia. "Haisemi nisikae mahali anapopita."

Mvua ya Machi ilimnyeshea pale, upepo wa Aprili ukamgeuzia mwavuli. Dilwyn alifurahi kupata jipya. "Malkia anapanda mlima ili apande basi la kushuka mlima, lipite mbele ya nyumba yake mwenyewe! Jamani, kweli elimu ni kitu kikubwa." Safari hii Bronwen hakucheka. Mwezi Mei Gwilym aliacha kutoka; Bronwen akawa anampelekea mkate mwenyewe, na hakumwambia mtu alichokiona. Anti Eluned aliendelea kukaa pale pale, akitazama dirisha.

Jumanne moja mchana nilikwenda kwa Gwilym na karatasi iliyohitaji sahihi yake. Nerys alikuwa amehamia pale tangu Jumapili. Walikuwa wameshusha kitanda hadi chumba cha mbele, karibu na dirisha. Nerys akatuwekea chai, akatoka, akafunga mlango bila kuombwa.

Gwilym alitia sahihi polepole. Kisha akaelekeza kidole dirishani, kwenye kibanda kitupu ng'ambo ya barabara.

"Kila asubuhi anakaa pale. Ananitazama kama ng'ombe wa mnada. Anajua, na hajavuka barabara."

"Nani amekwambia anajua?"

"Niambiwe na nani? Si yeye ndiye anayefungua barua? Mji mzima unajua anayefungua barua pale ni Eluned, na kisu chake cha siagi. Kwa nini nilisema zije kwenu, kijana? Unadhani mlangoni pangu hapana tundu la barua?"

Nikaweka kikombe changu mezani.

"Mimi siwezi kumwambia Eluned jambo zito," akaendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Sijawahi kuweza. Wakati wa kanisa nilikula nyama yake Jumapili tatu nikiwa nimelificha kooni. Nikasema, safari hii asome mwenyewe. Akisoma, atakuja. Atanitukana, lakini atakuja. Na amekuja hadi pale. Amekuja kuniangalia ninavyokwisha."

"Mzee Gwilym," nikasema, "hatuna ruhusa ya kutangulia kumsalimu mteja. Tunangoja yeye aanze. Sheria hiyo ni yake, na wewe ni mteja. Miezi mitatu na zaidi dada yako amekaa pale anangoja umwambie habari ya asubuhi."

Midomo yake ikacheza.

"Sheria gani hiyo ya kijinga?"

"Ndivyo nilivyomwambia."

"Akajibu nini?"

"Hilo siwezi kukuambia."

Hapo alicheka hadi nikaogopa, nikamshika mabega. Alipopata pumzi, macho yalikuwa yamejaa maji. "Wapumbavu wawili mlangoni," akasema. "Pita wewe. Hapana, pita wewe. Baba yetu angetuchapa wote."

"Nikamwite sasa hivi. Dakika kumi tu nitakuwa naye hapa."

"Hapana."

"Basi niruhusu nimwambie tu kwamba..."

"Hapana! Hutamwambia lolote." Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa bado vya mpasua mawe. "Mara ya kwanza nilimtangazia mbele za watu. Mara ya pili nilimtumia barua ya daktari. Safari hii nitamwambia kwa mdomo wangu. Kesho akikaa pale, Nerys atanifungulia dirisha na nitamwita. Mimi ndiye ninayeanza, sivyo?"

"Wewe ndiye unayeanza."

"Basi nenda. Na chai yako hujainywa, utamuudhi Nerys."

Jioni hiyo nilipita mbele ya nyumba ya Anti Eluned mara mbili. Alikuwa bustanini, amepiga magoti, anapalilia vitunguu. Aliniita, akauliza habari za mama yangu, nikamjibu kwamba hajambo. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwangu: dirisha, kesho, wapumbavu wawili. Mteja alikuwa amenikataza, na mwanamke aliyepiga magoti mbele yangu ndiye aliyenifundisha kumtii mteja. Nikamtakia jioni njema.

Asubuhi nilipanda barabara ya juu kabla ya saa mbili. Nilitaka kuona. Sioni haya kulisema: nilitaka kusikia dirisha lile likifunguliwa. Kulikuwa na manyunyu membamba, na vifusi vya machimbo viling'aa. Anti Eluned alikuwa ameshafika, ameketi kibandani, mkoba magotini, amevaa glavu zake za kijivu. Mimi nilisimama kwenye kona, karibu na sanduku la posta.

Saa mbili ikagonga. Gari la muuguzi lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya Gwilym, na sikulipenda. Kisha nikamwona Nerys akija dirishani. Hakulifungua. Alinyanyua mikono yote miwili, akavuta mapazia, upande mmoja, halafu wa pili, hadi yakakutana katikati.

Kwetu hakuna anayefunga mapazia ya mbele asubuhi, isipokuwa kwa jambo moja: nyumba ikifiwa.

Basi likaja, likasimama, likanizibia kibanda. Lilipoondoka, benchi lilikuwa tupu, nikadhani amepanda. Lakini alikuwa katikati ya barabara, mkoba ameuacha kwenye benchi, anavua glavu moja baada ya nyingine. Ng'ambo, jirani mmoja alitoka mlangoni na chupa ya maziwa, akaduwaa. Anti Eluned alifungua geti, akaupita mlango bila kubisha, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, kwa nje. Akaweka kiganja kitupu juu ya kioo.

"Umeamkaje, Gwil?" akasema, kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia.